Masikio Chini ya Hijabu

Rahmo anasimamia wanawake wanaopakia unga kwenye kinu cha Hajj Ogle, hapa Garissa upande wa barabara ya Balambala, na ukimwona mara ya kwanza utadhani amekasirika na wewe. Hajakasirika. Ndio uso aliopewa. Mimi namuuzia chai langoni pale miaka nenda miaka rudi, na nakwambia huyo ni mwanamke ambaye akikuona umesimama juani atakuletea kiti, halafu akugombeze kwa nini hukujiletea mwenyewe. Naitwa Mutanu, Mkamba wa Mwingi, Kisomali changu nimejifunzia kwenye sufuria ya chai, na haya nayasema kwa sababu siku hizi kila mwenye mdomo anamsema Rahmo na nusu yao hawajui wanasema nini.

Kwanza ujue walivyokuwa wakimsema hata kabla. Baba yake alimpeleka shule ya bweni Machakos akiwa msichana mdogo. Watu wa hapa akisafiri mtu Nairobi au Machakos wanasema amekwenda Kenya, utadhani hapa ni nchi nyingine. Basi Rahmo aliporudi, akawa anaongea na maafisa bila kutazama chini, akawa anasimama mbele ya wanaume akisoma bei ya mahindi, kina mama wakasema ameirudisha dini nusu, nusu nyingine ameiacha Kenya. Alisali, alifunga, alitoa sadaka, yote kazi bure. Hilo neno lilimkaa kooni. Mimi nimemwona akitoka kwenye kiti changu, chai haijaisha, kwa sababu tu adhana imeanza na anajua kuna macho yanamtazama.

Sasa kinu. Kinasaga mahindi, ngano na mtama, na mashine yenyewe iko katikati ya banda la mabati. Banda la mabati unalijua, kelele ikigonga ukuta inakurudia. Wanawake wanasimama chini ya mdomo wa mashine, unga unashuka, wanajaza, wanapima, wanashona. Jioni wakija kwangu walikuwa wanaongea kwa sauti ya kuita ngamia aliye ng'ambo ya mto, na mimi nikidhani ndivyo walivyozaliwa.

Aliyetufungua macho ni Kanana, binti wa Kimeru anayepima watu masikio hospitalini. Alikuja na kifaa chake, akakisimamisha karibu na mashine, akatikisa kichwa. Akatuambia kipimo ambacho hata mimi wa chai naweza kukitumia: mwenzako akiwa karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono, na bado inabidi umpigie kelele ndipo akusikie, basi mahali hapo panakula masikio. Akawapima wanawake wote. Wengine walikuwa wamekwisha kupoteza kidogo. Weris, ambaye nitakuja kwake, alikuwa na masikio mazuri kuliko wote.

Hajj Ogle hakubishana. Ni mtu mwema, ila hununua vitu kwa rangi. Aliagiza kutoka Eastleigh, Nairobi, hedifoni nyekundu, zile za vikombe viwili na mkanda wa kupita utosini, na wanawake wakazivaa juu ya hijabu. Walizipenda sana. Arbia, ambaye hawezi kukaa na utani tumboni, alitembea uwanja mzima akinyoosha mikono akisema ndege yake inaondoka. Kanana aliporudi hakucheka. Alipenyeza kidole chini ya kikombe, kikateleza juu ya kitambaa mpaka kwenye sikio. Akasema kelele inaingia hapo hapo kilipopita kidole. Kikombe lazima kishike ngozi, pande zote, na kitambaa kikikaa katikati basi umevaa pambo. Wanaume nao, wale wenye kofia zilizoshuka mpaka masikioni, akawaambia hivyo hivyo. Halafu akamgeukia Rahmo akamwambia achague kitu kinachowafaa watu watakaokivaa, asichague picha iliyo juu ya boksi.

Rahmo akaichukua kazi hiyo kama amepewa mtoto wa mtu amlee. Alijaribu kila aina kwenye masikio yake mwenyewe, amesimama pale pale karibu na mashine. Kuna moja ilimziba kabisa, akafurahi, akasema amepata, mpaka lori la mahindi likarudi nyuma na dereva akapiga honi na yeye hakusikia kitu. Arbia ndiye aliyemvuta hijabu. Kanana akamweleza kwamba namba kubwa ya kuzuia kelele kwenye pakiti sio ushindi. Unapunguza kelele ifike mahali ambapo haikuumizi, lakini ukiitwa usikie, lori likija usikie. Mwishowe Rahmo akachagua sponji za manjano, zile ndogo za kutia ndani ya sikio, kwa sababu zinakaa chini ya hijabu bila shida. Akawafundisha kwenye chumba cha wanawake, mlango umefungwa, hijabu zimeinuliwa: nawa mikono kwanza, viringisha sponji iwe nyembamba, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu, ingiza, shikilia mpaka ijae yenyewe. Mimi pia nilifundishwa, maana nikikosa wateja naingia kushona midomo ya magunia. Kwa miezi ile tulikaa vizuri. Jioni wanawake wakaanza kuongea kwa sauti za watu.

Weris sasa. Ni msichana wa Griftu aliyekuja Garissa kuishi na shangazi yake, mwembamba, mkono mwepesi, ndiyo maana aliwekwa mahali pa karibu kabisa na mdomo wa mashine. Asubuhi kinu, alasiri duksi. Anafundisha wasichana wadogo Kurani kule Bula Iftin. Nimewahi kumpelekea shangazi yake maandazi nikamkuta Weris amekaa kwenye mkeka, amefumba macho, wasichana wamemzunguka wanasoma wote pamoja, kila mmoja mahali pake, kelele tupu. Yeye bila kufumbua macho ananyoosha kidole kwa mmoja, anamwambia rudi nyuma. Mtoto anarudi, anasahihisha. Mimi siijui Kurani, lakini fundi akiwa kazini unamjua. Wamama walikuwa wanawatoa watoto kwa walimu wengine wawalete kwake. Yeye kazi ya kinu aliiona kama kibarua cha kupita tu. Kazi yake ilikuwa ile ya mkeka.

Kabla Ramadhani haijaingia, Weris alimfuata Rahmo stoo. Wasomali wa hapa ni watu wa madhehebu ya Shafi, na kwa hao kitu kikiingia ndani ya mwili kupitia tundu lolote, sikio likiwemo, kinaweza kuharibu saumu. Watu wanakwepa hata kujikuna sikio na kijiti mchana. Weris akataka kujua sponji itakuwaje. Rahmo akamwambia atauliza. Na aliuliza kweli, hilo msimnyime. Alikwenda kwa sheikh mmoja mzee anayemheshimu, akampelekea sponji yenyewe aione. Sheikh akaigeuza geuza mkononi, akamuuliza inafika wapi. Akamwonyesha. Sheikh akasema inakaa kwenye njia ya nje, mahali ambapo ncha ya kidole inafika, haivuki kwenda ndani, saumu ni salama. Na mwenye wasiwasi moyoni, atafute kinga ya kufunika sikio kwa nje, asikae masikio wazi. Akamwambia Rahmo awafikishie wenzake, kwa sababu mtu hakuamrishwa ajiumize.

Asubuhi ya saumu ya kwanza Rahmo alikuja na jibu lake mdomoni. Akawakuta wanawake wamekwisha kuamua. Sponji zote ziko kwenye kopo la maziwa la zamani juu ya dirisha, na Arbia anasema, kwa utani wake lakini si utani, kwamba atakayejitia kitu sikioni mwezi huu anafunga kwa ajili ya macho ya watu. Wenzake wakacheka. Halafu wote wakamtazama Rahmo, mwanamke wa dini nusu, waone atafanya nini.

Rahmo akaingiza mkono chini ya hijabu, akatoa sponji zake, akazitia kwenye kopo.

Mimi nilikuwepo. Mchana wa Ramadhani nani atakunywa chai? Nilikuwa na sindano yangu ya magunia, na sponji zangu masikioni, mimi Mkristo, kichwa wazi, manjano yanaonekana huku na huku. Arbia akaniambia mimi nina leseni. Nikacheka nao. Nikadhani mambo ya dini wanayajua wenyewe.

Nisilolijua wakati ule ni kwamba Rahmo alikwenda stoo, akafungua pakiti mpya, akajitia nyingine. Chini ya hijabu nani anaona? Akafanya hivyo mwezi mzima. Asubuhi anazivaa stoo, wakati wa udhu anazitoa amewapa mgongo, anarudi stoo anazivaa tena. Na wiki ya pili, Weris, ambaye masikio yalikuwa yameanza kumlilia kila akitoka kinuni, alimshika mkono akamuuliza kama na yeye ametoa kweli, kama na yeye anasikia ule mlio. Rahmo akamwambia ametoa. Akamwambia mlio utapita, wavumilie, mwezi ni mfupi.

Ni Ramadhani, kumbuka. Nyumba zote zinataka unga wa sambusa na wa mikate ya anjera, na kinu kilikuwa kinanguruma kutoka alfajiri mpaka karibu na futari. Weris hakuondoka pale mdomoni hata siku moja.

Idi ikaja, mlio wa Weris ukabaki. Alikuwa ananiambia kuna mbu ndani ya kichwa chake. Nikamwambia atulie, kelele imemchosha. Kisha nikaanza kuona vitu. Nikimsemesha ananitazama mdomo. Simu yake inalia kwenye meza yangu, Arbia anamwonyesha kwa kidole. Kule duksi alianza kuwasogeza watoto karibu, akaanza kufumbua macho, akaanza kuwasikiliza mmoja mmoja badala ya wote, na bado wale wenye sauti ndogo wakawa wanampita. Mtoto anakosea, mwalimu ananyamaza, mtoto mwingine anacheka. Ukishachekwa na watoto hivyo, habari inafika nyumbani kabla yako. Mama mmoja akamtoa binti yake, kisha mwingine. Mkubwa wa duksi, mtu wa adabu, hakumfukuza. Alimwambia apumzike kidogo, akampa mkeka wake mwalimu mwingine.

Kanana akampima tena. Weris aliniomba niende naye kwa sababu shangazi yake hajui Kiswahili cha hospitali, na ndipo nikasikia kwa masikio yangu. Sauti nyembamba, zile za juu, zimekwenda na hazirudi. Hakuna dawa, hakuna opareshoni. Zilizobaki zinaweza kulindwa, na akilindwa vizuri ataweza kuishi nazo, hata kufundisha watoto wachache chumba kikiwa kimya. Lakini akiendelea kusimama kwenye mashine ile masikio wazi, na hizo zitafuata. Kanana akamuuliza, kwa upole, sponji zilikuwa wapi. Weris akamweleza habari za saumu. Kanana akainama kuandika, na mimi nikaona ameuma mdomo.

Njiani Weris hakulia. Alisema jambo ambalo mimi lilinipoza kidogo. Alisema Mungu alimwomba masikio na yeye akampa, na mwenye kutoa kwa Mungu hapotezi. Akasema pia anamshukuru eedo Rahmo, yaani shangazi Rahmo kwa heshima ya Kisomali, kwa sababu mkubwa wa kazi angeweza kujifanyia lake lakini alikaa nao masikio wazi mwezi mzima. Masikio ya eedo ni magumu tu, mashallah, akasema, hayakuharibika.

Na mimi mjinga nikaenda nikamwambia Rahmo hayo maneno nikidhani nampelekea zawadi.

Rahmo aliweka kikombe chini. Uso ule wa hasira ukavunjika vunjika, nikaogopa. Akaniuliza kama kuna mtu nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Akanisimulia yote, kuanzia sheikh mpaka kopo la maziwa mpaka stoo, kwa Kiswahili, haraka haraka, akitazama njia. Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi. Akasema kwa sababu mimi siko kwao, siwezi kumhukumu kwa dini.

Ngai! Nilimhukumu bila dini. Nilimwambia hata kuku akiona mwewe anawaita vifaranga wote, haingii chini ya kikapu peke yake. Nilimwambia hata kama aliogopa midomo ya watu, hedifoni nyekundu zilikuwa wapi? Angeshindwa nini kuwaambia wazivae chini ya hijabu, ngozi kwa ngozi? Akasema mkanda ule wa utosini unainua hijabu kama hema, wangekataa, na zile za mkanda wa kupita nyuma ya shingo zilitakiwa kuagizwa, na angeagiza angeulizwa kwa nini, na angeulizwa angelazimika kumtaja sheikh. Kila mlango aliufunga mwenyewe kwa sababu ya mlango wa kwanza. Akasema anajiambia kila siku kwamba huenda masikio ya Weris yalikuwa yamekwisha kuchoka tangu zamani. Halafu anakumbuka kipimo cha kwanza, kwamba yeye ndiye aliyekuwa mzuri kuliko wote, na anakosa pa kujificha. Sponji haikuniharibia saumu, akasema. Uongo ule niliomwambia Weris ndio ulionila, kila siku mpaka Idi.

Nilitaka kuendelea kumkemea lakini alikuwa analia wazi, mchana kweupe, langoni, yeye Rahmo. Nikampa leso. Nikamwambia amwambie Weris. Akasema atamwambia. Hakumwambia. Siku zikapita, akawa anambebea Weris magunia, anamtuma kazi za nje ambako hakuna kelele, anamletea maziwa ya ngamia. Weris akawa anamshukuru zaidi, na kila shukrani ikawa inamkondesha Rahmo mashavu. Chakula alikuwa anakigusa tu. Mimi nilikuwa na hasira naye na namhurumia, vyote pamoja, na nikimkasirikia namwongezea sukari kwenye chai.

Kisha akaagiza zile hedifoni za mkanda wa nyuma ya shingo. Alimwambia Hajj Ogle anataka kila mwanamke awe na chaguo, sponji au hedifoni, na mzee akakubali mradi yeye mzee asichague rangi tena. Zilikuja nyeusi. Rahmo akawakusanya wanawake kwenye chumba chao kabla ya kazi ya mchana, mashine imezimwa kwa ajili ya sala, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa nimeleta chai. Akamvisha kila mmoja kwa mkono wake: ondoa nywele sikioni, toa hereni kubwa, kikombe kishike ngozi pande zote, mkanda ukae shingoni, hijabu ishuke juu yake ilegee. Akapitisha kidole pembeni kama Kanana, kidole kikikwama anasema sawa. Arbia hakufanya utani wowote siku hiyo. Chumba kilikuwa na utulivu mzuri na niliona Rahmo ameanza kupumua.

Akafika kwa Weris. Weris akaziangalia, akazisukuma kwa upole.

"Mpe mwingine, eedo," akasema. "Mimi nilishatoa yangu. Nirudishe tu mahali pangu pale mbele, sipendi kufagia."

Rahmo akamwambia yaliyobaki yanaweza kulindwa. Weris akatabasamu, akasema kitu ulichompa Mungu hukiwekei mlinzi. Akasema kama Mungu anataka na hayo mengine, ayachukue, ataongeza malipo. Aliyasema kwa raha kabisa. Ndiyo sababu nikaogopa, kwa maana hakuwa anajionyesha. Imani hiyo ndiyo iliyompa usingizi tangu aondolewe mkeka wake, na sasa ilikuwa inampeleka kwenye mdomo wa mashine masikio wazi.

Rahmo alinitazama. Sikumsaidia.

Akamsogelea Weris akasema kitu chini chini, akitazama sakafu.

"Sikusikii, eedo," Weris akasema.

Akarudia, juu kidogo. Wanawake waliokuwa wanafunga hijabu wakapunguza kasi ya mikono. Weris akageuza sikio lake la kulia, lile lililobaki na nafuu, akaweka kiganja nyuma yake, akatabasamu kwa kuomba radhi, jinsi wanavyotabasamu watu wasiosikia.

"Paza sauti kidogo. Nisamehe, nakusumbua."

Na Rahmo, mwanamke aliyeishi maisha yake yote akikimbia midomo ya watu, akainua uso na akapiga kelele. Alisema kwa Kisomali, lakini hiki nilikielewa chote, na hata wanaume waliokuwa nje kwenye mfereji, wamekwisha kusali, walikisikia. "Nilikuwa nimezivaa! Ramadhani yote nilizivaa! Sheikh aliniambia zinafaa, aliniambia niwaambie, na sikuwaambia! Uliponiuliza nilikudanganya!"

Arbia aliketi juu ya gunia, mkono mdomoni. Weris alikuwa bado na kiganja nyuma ya sikio. Akakishusha polepole, akamtazama Rahmo mdomo, kisha macho, akihakikisha kwamba amesikia alichosikia.

"Kwa hiyo sikumpa Mungu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo pengine mwenyewe hakuisikia. "Nilikupa wewe."

Rahmo alikuwa amenyoosha ile hedifoni nyeusi mbele, na nilidhani Weris atamwacha nayo hivyo hivyo atoke. Aliichukua. Akageukia ukuta, akainua hijabu, akaondoa nywele masikioni moja moja, akabana vikombe, akavibonyeza kwa vidole pande zote kuona kama vimeshika. Akashusha hijabu. Nje waliiwasha mashine, bati zote zikaanza kutetemeka, na Rahmo akaanza kusema naye tena, mdomo unakwenda mbio, analia. Weris hakumgeukia. Alipita katikati yetu akaenda kazini.